Shangazi Apunguzwe Nguvu

Ilikuwa wiki ya sita tangu Mzee Antena aache kusema na binti yake, na kila mlo nyumbani kwao ulikuwa na mkalimani.

"Mwambie huyo fundi wa kiwanda," alisema mzee asubuhi ile ya Jumamosi, macho kwenye yai lake la kuchemsha, "anisogezee chumvi."

Huyo fundi wa kiwanda alikuwa amekaa mkabala naye, meza ileile, viatu vyao vikikanyagana chini. Kichupa cha chumvi kilikuwa kando ya kiwiko chake. Lakini hakukisogeza. Alisubiri, kwa sababu siku hizi katika nyumba ile neno halikutoka kwa baba kwenda kwa binti bila kupitia kwa Shangazi, dada mkubwa wa mzee, aliyekaa katikati yao akikoroga chai.

"Anasema lete chumvi upesi," Shangazi alisema. "Anasema na mayai yako yamekuwa mpira, mtu anaweza kuyadundisha."

Mzee alifungua mdomo apinge, akakumbuka kwamba amenuna, akaufunga.

"Mwambie chumvi hii hapa," alisema Fundi. "Na umwambie leo ndiyo siku yenyewe. Kama ana neno la kunishauri, nitashukuru sana."

Shangazi alimgeukia mdogo wake. "Anasema leo ndiyo anayazima. Ushauri anao wa kutosha."

"Shangazi! Mimi nimesema hivyo?"

"Nimefupisha tu, mwanangu. Chai inapoa."

Mzee alinyunyiza chumvi kwenye yai, akalila kwa huzuni, akaenda kukaa kibarazani na gazeti la juzi. Fundi alibaki akikusanya makombo. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na mbili, fundi wa mtandao mwenye vyeti vitatu ukutani, na bado alitaka kulia kwa sababu baba yake amekula yai bila kumtazama. Tangu mama atangulie, wao wawili ndio waliokuwa wakicheka katika nyumba ile. Sasa alicheka Shangazi peke yake, tena mara nyingi kwa vichekesho vyake mwenyewe.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Kwa miaka kumi na minne Mzee Antena ndiye aliyekuwa fundi wa mtandao katika kiwanda cha magodoro. Ni yeye aliyetundika chini ya paa malango saba ya mtandao, yaani visanduku vinavyonasa mawimbi ya skana za wapakiaji na kuyapeleka kwenye kompyuta za ofisini, bila waya kugusa mkono wa mtu. Godoro likisomwa na skana, kompyuta inajua limetoka. Lisiposomwa halitoki getini hata likiwa limeshafungwa kamba juu ya lori, na juu ya jambo hilo Meneja hakuwa na mzaha. Maganda ya visanduku yalipopasuka kwa joto, na kampuni iliyoyatengeneza ikawa imeshafunga milango, mzee hakulalamika. Aliyahamishia matumbo yake kwenye makopo ya biskuti, akatoboa matundu ya antena, akafunga na nati, na kazi ikaendelea miaka mingine saba.

Kila lango alilipa jina la ndugu, si kwa mapenzi bali kwa tabia. Babu alikuwa mzito wa kujibu lakini hakuzimika hata mara moja. Mjomba alitoweka mvua ikinyesha, akarudi baadaye bila maelezo. Binamu alifanya kazi ukimsimamia. Mama Mdogo alikuwa juu ya stoo ya magodoro ya springi, na Shangazi juu ya uwanja wa kupakilia. Walikuwepo pia Bibi na Mkwe. Hakuna hata moja aliloliita Wifi, maana alisema utani wa namna hiyo ni wa watu wasio na kazi.

Mzee alipostaafu, kazi ikaja kwa binti yake, ambaye alimfundisha kubana vichwa vya nyaya kabla hajajua kusuka nywele. Mwaka uliofuata Meneja akarudi kutoka kwenye semina na mfumo mpya mdomoni. Mfumo mpya ulikuwa unajiendesha wenyewe kutoka wingu, alisema, na wapakiaji wawili wakachungulia dirishani. Aliitisha kikao, akamuuliza Fundi mbele ya watu hali ya mitambo ya zamani ikoje. Fundi akasema kweli: malango yale yamechoka, vipuri havipo tena, ni wakati yapumzike. Jioni ile alipofika nyumbani alimkuta baba yake amegeuza kiti, anatazama ukuta, na hakuwa ameugeukia ulimwengu tena hadi leo. Fundi alijua moyoni kwamba mzee amechukia mfumo mpya. Hakuuliza. Naye mzee hakusema. Walikuwa na kiburi kimoja kilichogawanywa sawasawa.

Sasa siku ya kuhama ilikuwa imefika. Malango mapya saba, meupe, ya duara, yalishatundikwa wiki nzima kando ya makopo ya biskuti, yakisubiri. Malori matatu ya magodoro ya shule ya bweni yalikuwa uwanjani, na Meneja alitaka yawe yametoka kabla ya saa tisa alasiri.

Fundi alianza saa mbili kamili. Alipanda ngazi za chuma, vidato ishirini na viwili, hadi kwenye kijichumba cha mbao juu kabisa ya stoo, ambako nyaya zote za kiwanda zilikutana ndani ya kabati moja. Alizima lango moja, akawasha jipya, akahamia linalofuata. Mkwe alizimika bila kutingisha chochote. Mjomba alikuwa ameshazimika mwenyewe. Kwa Babu alisita, kidole juu ya swichi, akamwomba radhi kwa sauti, kisha akazima, na taa nyekundu iliyokuwa ikiwaka tangu yeye yuko sekondari ikapotea.

Mfumo mpya ulikaa kimya dakika kumi ukisikiliza mawimbi, kisha ukagawa njia. Njia hizi ndizo mikondo ambayo malango huzungumzia hewani, na zile zisizoingiliana ni tatu tu: ya kwanza, ya sita na ya kumi na moja. Malango mawili jirani yakipewa njia moja huongea kwa mpigo na hakuna anayesikika. Fundi alipitia mgawo kwenye kompyuta yake na kuona kwamba malango mapya ya mahali pa Shangazi na Mama Mdogo yamewekwa yote njia ya sita.

Akafungua daftari la baba yake. Lilikuwa daftari la shule lenye jalada la bluu, limekunywa chai kuliko watu wengine, na ukurasa ule ulisema hivi:

"Shangazi: ana sauti kubwa kuliko kazi yake. Apunguzwe nguvu, nusu. Asipewe njia moja na Mama Mdogo hata wakionekana wamepatana."

Fundi alicheka peke yake. Aliukumbuka vizuri mwaka ukurasa ule ulipoandikwa. Ndio mwaka ambao Shangazi mwenyewe, wa nyama na mifupa, alimwazima Mama Mdogo sufuria likarudi na kifuniko kisicho chake, wakakaa miezi minane bila kusalimiana, na mzee katikati akipigiwa simu na pande zote mbili. Bila shaka alimalizia hasira zake daftarini. Tena hao wawili wameshapatana. Juzi tu walikuwa kwenye benchi moja wakimsengenya mtu wa tatu. Na mfumo mpya ulikuwa umesikiliza kwa masikio yake wenyewe, ukaona malango yale hayasikiani hata kidogo. Fundi akabonyeza Kubali.

Hapo ndipo alipokosea, na tusimcheke sana. Angekuwa mgeni angelifuata daftari neno kwa neno. Aliponzwa na kuijua familia.

Lori la kwanza lilijaa bila tatizo. Skana zililia tii, tii, tii kwa raha zao, na Shangazi, ambaye ndiye msimamizi wa upakiaji, alisimama katikati ya uwanja na mikono kiunoni akiamuru kila kilichokuwa na miguu. Meneja alishuka kutoka ofisini kuja kuonekana karibu na mafanikio.

"Unaona?" alimwambia Fundi. "Mfumo unajiendesha wenyewe."

"Naona, bosi."

"Wingu hilo."

"Ndilo, bosi."

Lori la pili lilikuwa la magodoro ya springi. Wapakiaji waliyatoa stoo mojamoja, wakiyabeba kichwani, na rundo lililokuwa limefika karibu na paa likaanza kushuka. Lilipofika usawa wa kifua cha mtu, skana moja ikagoma. Mpakiaji akaibonyeza tena. Na tena. Jirani yake naye akaanza kubonyeza. Dakika tano baadaye uwanja mzima ulikuwa unabonyeza, na Meneja, aliyekuwa ametazama kishikwambi chake kwa fahari, akakunja uso.

"Fundi, lori hili limebeba magodoro mangapi?"

Fundi alihesabu kwa macho. "Sitini na kitu, bosi."

"Hapa linasema elfu moja mia moja na nne."

Dereva wa lori, aliyekuwa amelala kwenye kiti chake, alisikia hayo, akashuka, akaenda kukagua magurudumu.

Fundi alielewa kilichotokea ila hakuelewa kwa nini. Skana zilikuwa zinatuma habari, hazipati jibu, zinatuma tena, na kila moja iliyopenya ilihesabiwa upya. Akazima lango la Mama Mdogo, akaliwasha. Akazima la Shangazi, akaliwasha. Mambo yakawa yaleyale. Wapakiaji, walipoona kazi imesimama, walifanya kile ambacho mtu yeyote angefanya akiwa amezungukwa na magodoro mapya: walijilaza. Mmoja alijifunika na karatasi ya nailoni na kuomba aamshwe mtandao ukirudi.

"Mpigie baba yako," alisema Shangazi.

"Hasemi nami, Shangazi. Nimpigie nimwambie nini?"

"Basi nitampigia mimi." Alishatoa simu. Hakuhitaji kuiweka sikioni, maana kwa sauti ile hata bila simu mzee angeweza kumsikia. "Njoo kiwandani! Mtoto wako amekiua! Watu wamelala chini!"

Nyumbani kwao hadi kiwandani ni mwendo wa dakika arobaini. Mzee Antena aliingia getini baada ya dakika mbili, amevaa ovaroli lake la kazi lililopigwa pasi, gazeti la juzi kwapani. Mlinzi, ambaye tangu asubuhi alikuwa akimwona kwenye kibanda cha chai ng'ambo ya barabara akijifanya anasoma, alimpigia saluti kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Fundi alimwona kutoka mbali. Akataka kumkimbilia. Lakini mzee alimpita bila kugeuza shingo, akasimama katikati ya uwanja, akasikiliza makelele ya skana, akatazama paa, kisha stoo, kisha lile pengo ambako magodoro ya springi yalikuwa. Akatikisa kichwa taratibu, akaketi kwenye godoro.

"Dada," alisema. "Mwambie fundi wa kiwanda aende kwenye kabati la nyaya. Huku hewani hatapata kitu."

Fundi alikuwa amesikia, lakini alisubiri mpaka Shangazi aseme ("Anasema toka hapa, nenda juu!"), kisha akapanda ngazi mbiombio, akachomeka kompyuta yake kwa waya moja kwa moja kwenye kabati. Kijichumba kile kilikuwa na kidirisha kinachotazama uwanja. Aliuona utosi wa baba yake kule chini. Kumsikia hakuweza. Malori yalikuwa yananguruma, mafeni makubwa yanazunguka, na skana thelathini zilikuwa zinalia kwa pamoja. Katika kiwanda kizima kulikuwa na sauti moja tu ya kuweza kuvuka kelele ile, na mwenye nayo alikuwa amesimama tayari kando ya godoro.

"Mwambie hivi," alisema mzee. "Mama Mdogo ahamie njia ya kumi na moja."

"Kumi na moja. Haya."

"Shangazi abaki palepale, sita. Ila apunguzwe nguvu. Nusu."

Shangazi hakupiga kelele. Lilikuwa jambo geni kiasi kwamba wapakiaji wawili walinyanyua vichwa.

"Apunguzwe nani?"

"Lango, dada. Nasema lango."

"Lango la nani?"

"La Shangazi."

"Kwa kosa gani?"

Mzee alikuwa mtu mkweli, na ukweli ulishamponza mara nyingi. "Lina sauti kubwa kuliko kazi yake," alisema.

Shangazi alimtazama mdogo wake, ambaye alimbeba mgongoni, akamfuta kamasi, akamfundisha kufunga kamba za viatu. Kisha alimtazama lile duara jeupe lililokuwa juu ya kichwa chake, lililorithi jina lake, jina alilokuwa akilitangaza kwa kila mgeni wa kiwanda kwa miaka kumi na minne. Akavuta pumzi. Akaelekeza mdomo kidirishani.

"BABA YAKO ANASEMA MAMA MDOGO AHAME! SHANGAZI AONGEZEWE NGUVU! ZOTE!"

Juu kule Fundi alikunja uso. "Ahamie wapi?" aliuliza, kwa mdomo na kwa mikono, maana sauti yake haikufika chini.

"AHAME TU!"

Fundi akalitoa daftari dirishani, akagonga ukurasa kwa kidole. "Daftari linasema Shangazi apunguzwe!"

"DAFTARI LILIANDIKWA LINI? NANI ANAMJUA BABA YAKO, MIMI AU WEWE?"

Fundi alisita. Lakini kwa wiki sita kila neno la baba yake lilimfikia kwa njia hiyohiyo, na kiu yake ya kupata hata moja ilikuwa kubwa kuliko akili yake. Akamhamishia Mama Mdogo njia ya kwanza, ambako Bibi alikuwa ameketi jirani tu kwa amani. Akampandisha Shangazi nguvu hadi mwisho. Akabonyeza Kubali kwa mara ya pili siku ile.

Mama Mdogo na Bibi wakaanza kubanana papo hapo. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa lile duara jeupe la uwanjani, ambalo sasa lilisikika hadi choo cha wageni. Skana zote thelathini, za uwanjani, za chumba cha cherehani, hata ile mbovu iliyosahauliwa jikoni, ziliacha malango yao ya karibu na kulikimbilia lenye sauti kubwa. Kiwanda kizima kikawa kinamsikiliza Shangazi, na Shangazi hakuweza kumsikiliza mtu. Kwa sekunde kumi zililia zote kwa mpigo, kisha zikanyamaza zote kwa mpigo. Kwenye kishikwambi cha Meneja magodoro yalifika elfu tisa, halafu kioo kikawa cheupe.

"Limeenda wapi wingu?" aliuliza Meneja.

Katika ukimya ule Mzee Antena alimgeukia dada yake. Mafeni hayakumzuia kusikia kelele za Shangazi, na kwa kweli hayajamzuia mtu yeyote. Alikuwa amesikia kila neno, na kupinga kwake kote kulikuwa kumemezwa na sauti ile.

"Dada. Nilikwambia nini, na wewe umemwambia nini?"

"Nimefupisha," alisema Shangazi, lakini kwa sauti ya chini kidogo.

Mzee akasimama. Goti lake la kushoto lilikuwa limestaafu kabla yake, na daktari alishamkataza ngazi, hasa za chuma. Akashika kishikio. Wapakiaji walikaa kitako kwenye magodoro yao kutazama. Alipanda kidato kimoja, akapumzika, akapanda kingine, na alipofika cha kumi na moja Meneja alitaka kumfuata amsaidie, Shangazi akamzuia kwa mkono. Alipofika cha ishirini na mbili alikuwa anahema, na mlango wa kijichumba ulikuwa umeshafunguliwa.

Fundi alisimama pale, hajui aseme au angoje mtu wa katikati.

Mzee hakumtazama kwanza. Alikuwa ametazama sakafuni. Makopo saba ya biskuti, yaliyoshushwa kutoka paani wakati lori la kwanza likijazwa, yalikuwa yamepangwa ukutani, yamefutwa vumbi, kila moja limezungushiwa kipande cha sponji na kufungwa kamba, lebo zake za majina zikitazama mbele: Babu, Bibi, Mjomba, wote.

"Takataka hizi," alisema mzee, na yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake kwa wiki sita, "mbona umezifunga vizuri hivi?"

"Takataka gani, Baba?"

"Si ndivyo ulivyosema kikaoni? Mbele ya Meneja na watu wote. Kwamba miaka yangu kumi na minne ni takataka, itupwe."

"Nani amekwambia?"

Mzee akafungua mdomo, na kabla jina halijatoka wote wawili walikuwa wametazama kidirishani. Kule chini Shangazi alikuwa amepata kazi ya ghafla ya kunyoosha magodoro yaliyokuwa yamenyooka.

"Nilisema yamechoka, Baba," alisema Fundi, na machozi yalimtoka bila kuomba ruhusa. "Nilisema yamefanya kazi yao, yapumzike. Hata neno takataka sikulitaja. Nilidhani umenikasirikia kwa kuwa nayazima."

"Kuzimwa nilijua yatazimwa. Mimi ni fundi, si mtoto." Mzee akaketi kwenye kiti kimoja kilichokuwepo. "Yamechoka?"

"Ndiyo."

"Hilo ni kweli. Yamechoka. Hata mimi nimechoka." Akajifuta uso kwa gazeti la juzi. "Ungenambia."

"Ungeniuliza."

Watu wawili wenye akili timamu, wanaojua fika kwamba Shangazi hajawahi kufikisha salamu ikiwa na uzito uleule aliopewa nao, walikuwa wamekaa wiki sita wakila mayai kwa mkalimani. Ukitaka kuwakasirikia, jipange kwenye foleni, mimi nimeshatangulia. Wao wenyewe walitazamana, na mzee ndiye aliyeanza kucheka, kile kicheko chake cha kukohoa, na binti akafuatia mpaka ikabidi ashike kabati.

"Haya, kazi," alisema mzee. "Mama Mdogo?"

"Nimemweka ya kwanza."

"Kumi na moja."

"Kumi na moja. Shangazi?"

"Sita. Nguvu nusu."

"Amesema zote."

"Najua alichosema, mtaa mzima unajua. Nusu."

Fundi akaandika, akabonyeza. Kimya. Kisha kutoka chini ikasikika tii moja. Halafu nyingine, kwa zamu, kwa adabu, kila skana ikirudi kwa lango lake. Mpakiaji aliyejifunika nailoni aliamshwa, akauliza kama ni Jumatatu.

"Lakini mfumo ulisikiliza, Baba," alisema Fundi. "Ukasema hayasikiani."

"Asubuhi hayasikiani. Stoo imejaa springi hadi paani, ni ukuta wa chuma ule, mawimbi yatapitia wapi? Siku ya kupakia ukuta unatoka kwa miguu, unapanda lori. Ndipo wanaanza kukatizana maneno." Akagonga daftari kwa kidole. "Ndiyo maana nikaandika hata wakionekana wamepatana. Ulifikiri nasema nini?"

Fundi akajifanya anakagua nyaya. Kuna maswali ambayo hata mtoto mpendwa huyakwepa.

Lori la tatu lilitoka getini saa nane na dakika hamsini. Meneja alimshika mzee mkono kwa mikono miwili na kutaka malango mapya yaitwe kwa namba, moja hadi saba, kama alivyofundishwa semina. Fundi akasema sawa, bosi. Kisha akakaa na kompyuta, akafuta namba, akaandika Babu, Bibi, Mjomba, Binamu, Mkwe, Mama Mdogo, Shangazi, na mahali pa kuandika nani apigiwe simu lango likipata shida, akaweka namba ya baba yake juu, yake chini.

Shangazi hakusema neno njia nzima ya kurudi nyumbani. Ilipofika Jumapili mchana alikuwa amepona. Walikaa mezani watatu kama kawaida yao, isipokuwa mzee alikuwa amesogeza kiti chake mpaka kikagusana na cha binti yake, na Shangazi akajikuta upande wa pili peke yake, na meza yote mbele yake.

Mzee alionja mchuzi, akafikiri.

"Binti yangu," alisema, "nipe chumvi."

"Anasema mchuzi hauna ladha," alisema Shangazi. "Anasema tangu azaliwe hajaona mchuzi wa namna hii."

"Sikusema hivyo," alisema mzee.

"Najua, Baba," alisema Fundi, na akampa chumvi.